Kiti cha Matofali Yaliyopasuka

Mtu mmoja alikuwa na tanuru la kuchoma matofali kando ya mto, katika nchi ya milima yenye mvua nyingi. Jina lake Ambakisye. Tanuru alilirithi kwa baba yake, pamoja na watu waliolijua kuliko yeye. Lilikuwa tanuru la kudumu, lenye kuta nne nene na dohani moja, na ukuta mmoja ulitazama mto. Makundi manne yalipokezana, kila kundi wiki yake: kupanga matofali mabichi ndani, kuwasha, kulisha moto kwa magogo na pumba za mpunga, kisha kuliacha lipoe. Jumatatu asubuhi mlango ulifunguliwa na kazi ikatazamwa mbele ya watu wote. Tofali lililoiva ukiligonga linalia. Lisiloiva linakaa kimya, na lililozidiwa na moto linapasuka.

Ambakisye hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nawajua ninyi wenye vyeo. Mkisikia habari za bosi mbaya mnafurahi, mnajisemea, huyo si mimi. Basi huyu aliwapeleka watu wake hospitali walipougua. Aliyajua majina ya watoto wao. Alifika kazini kabla yao na kuondoka baada yao. Kosa lake lilikuwa la mtu makini, maana alilipata kwa kuchunguza na kuandika.

Alichokiona ni hiki. Kundi la Subilaga, mwanamke wa makamo aliyekuwa ameutazama moto wa tanuru lile kwa miaka kumi na tisa, lilichoma vizuri kupita makundi yote. Ambakisye akamsifu mbele ya wenzake, akampa jogoo. Zamu yake iliyofuata, matofali yakapasuka mengi. Kisha kundi la Anyosisye likachoma vibaya sana. Ambakisye akamfokea mbele ya watu mpaka mate yakamtoka. Zamu yake iliyofuata, Anyosisye akachoma vizuri. Ambakisye akafungua daftari lake, akatazama mwaka mzima uliopita, akaona mambo ni hayo hayo: aliyesifiwa alishuka, aliyefokewa alipanda. Akaandika kwa wino mwekundu kwamba sifa huwalevya watu na aibu huwaponya.

Naona wengine mnaitikia kwa vichwa. Ngojeni kwanza.

Nendeni nyumbani, mfumbe macho, mchote mchele kwenye gunia kwa mkono mmoja, mara ishirini. Ukichota mwingi kupita kawaida, usifu mkono wako, kisha uchote tena. Utapata pungufu. Ukichota kiduchu, utukane mkono wako, kisha uchote tena. Utapata zaidi. Sasa niambie, mkono umelewa sifa? Mkono umeponywa na matusi? Mkono haujasikia lolote. Kinachozidi kawaida kitarudi kwenye kawaida, na kinachopungua vilevile, na wewe uliyekuwa umesimama hapo ukipayuka utaondoka ukiamini kwamba umetenda jambo. Waliosomea mienendo ya watu wanalijua kosa hili na wamelieleza kwa muda mrefu. Sisi tunaendelea nalo kwa sababu lina utamu wake. Linampa mkubwa ruhusa ya kufoka, kisha linamwita mwalimu bora.

Na matofali ya Ambakisye yalikuwa na sababu zao. Wiki moja pumba zilikuwa kavu, wiki nyingine zimenyeshewa. Upepo wa mtoni ulivuma, ukaacha. Udongo wa shimo la juu ulikuwa na mchanga kuliko wa shimo la chini. Hayo yote hayakuwamo katika daftari. Daftari lilikuwa na majina ya watu tu, na ukiandika majina ya watu tu, utaona makosa ya watu tu. Ambakisye mwenyewe alipochelewa siku moja, alisema barabara ilikuwa na utelezi. Mfanyakazi alipochelewa kwa barabara hiyo hiyo, alisema ni mvivu. Nani kati yetu hajafanya hivyo wiki hii?

Basi akatunga desturi. Akaagiza matofali yaliyopasuka yapangwe uwanjani, mbele ya mlango wa tanuru, yawe kama kigoda. Kundi lolote ambalo matofali yake mabovu yangezidi toroli tatu, kiongozi wake angekalia kile kigoda tangu tanuru linapofunguliwa mpaka chai ya saa nne, akiwatazama wenzake, na wenzake wakimtazama. Akakiita Kiti cha Kuzinduka. Hakumpiga mtu, hakumfukuza mtu, na alijisifu kwa hilo. Na kila aliyekikalia, zamu yake iliyofuata alichoma vizuri zaidi, kama alivyotazamia. Bila shaka alichoma vizuri zaidi. Hakikukaliwa kiti hicho ila na mtu aliyekuwa ametoka kwenye wiki yake mbaya kuliko zote.

Subilaga alikuwa na mpwa wake pale kazini, binti wa marehemu dada yake, aitwaye Atuganile. Alimlea tangu akiwa mdogo, akamsomesha alivyoweza, na alipokua akamwombea kazi yeye mwenyewe. Atuganile alikuwa fundi wa kufyatua matofali, mwenye mkono mwepesi kuliko wote, na siku za moto alilisha pumba. Mwanzoni walikuwa kundi moja. Ambakisye akawatenganisha, akisema ndugu wakiwa pamoja hufichana makosa. Atuganile akapelekwa kwa Anyosisye, na huko nafasi yake ya kulisha moto ikawa chini ya ukuta wa upande wa mto.

Jumatatu moja, kabla mlango haujafunguliwa, Subilaga alikwenda ofisini. Alimwambia Ambakisye kwamba ukuta wa upande wa mto una ufa. Alimwonyesha upana wake kwa ukucha wa kidole gumba. Alisema joto linatokea hapo, hivyo matofali ya upande ule yatakuwa mabichi na ya upande wa pili yatakuwa yamezidiwa, kwa kuwa alilazimika kuongeza moto. Aliomba tanuru lisimame wiki mbili, ukuta ubomolewe na kujengwa upya. Alisema yote hayo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa mtoto kwa daktari.

Ambakisye alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha mlango wa tanuru ukafunguliwa, na mabovu yakajaza toroli nne na nusu.

“Kila aliyeharibu ana ufa wake wa kunionyesha,” akasema. “Kaa.”

Akakaa. Alikaa ameinyoosha shingo, mikono juu ya magoti, mbele ya watu ambao nusu yao yeye ndiye aliyewafundisha kuusoma moto kwa rangi yake. Atuganile alikuwa mstari wa mbele, akainamisha kichwa asimwone mama yake mdogo akiwa vile. Chai ya saa nne ilipofika Subilaga alisimama, akapangusa vumbi jekundu kwenye kanga yake, akaenda kazini. Hakulia, na hakurudi tena ofisini kusema jambo lolote.

Zamu yake iliyofuata mabovu yalikuwa toroli mbili. Ambakisye akapiga makofi. Hakumsifu, maana sifa hulevya, ila aliwaambia wote kwamba Kiti kimesema. Nami nitawaambia kilichotokea, kwa kuwa daftari halikuandika. Pumba zilikuwa kavu wiki ile. Subilaga alipanga matofali mbali na ukuta wa mto, akauziba ufa kwa udongo laini kutoka ndani, akaulainisha kwa kiganja mpaka usionekane. Na Jumapili, watu wakiwa kanisani, aliufungua mlango kwa siri, akatoa toroli nyingine moja ya mabovu, akaimwaga kwenye dimbwi la mtoni.

Hili ndilo lililofundishwa na Kiti. Hakikumfundisha mtu kuchoma. Kilimfundisha kila mtu njia ya kwenda dimbwini. Muda si mrefu makundi yote manne yalikuwa na dimbwi lao, na toroli zikawa mbili, tatu kasoro, mbili, na daftari likapendeza macho. Hakuna aliyejaribu tena njia mpya ya kupanga matofali, kwa maana njia mpya ikishindikana ina kigoda chake. Na kila kundi lilipofika zamu yake liliukuta ule ufa umepasua udongo wa waliotangulia, likachota ndoo ya udongo, likaupaka tena. Kundi la kwanza likapaka, la pili likapaka, la tatu na la nne. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini wahenga hawakumjua mtu anayemkalisha juu ya matofali yule aliyeuona ufa, la sivyo wangetunga methali nyingine, na ingekuwa kali.

Ufa ule ulikuwa umekua mpaka mkono mmoja ungeweza kuingia, siku Anyosisye alipomwendea Subilaga kisimani.

“Mama, ule ukuta unafunguka,” alisema. “Twende wote tukamwambie Mzee. Tukiwa wawili atasikia.”

“Mimi nilishakwenda,” Subilaga akamjibu.

Basi Anyosisye akachukua ndoo, akaenda kuchimba udongo.

Msimlaumu haraka huyu mama. Najua mnalotaka kusema: angesema tena, angepiga kelele, maisha ya watu yana thamani kuliko aibu. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa kwenye kiti chenye mto. Yeye alimwambia Atuganile asisimame upande ule. Atuganile akacheka kwa upole, akasema, “Mama, nikihama nitaambiwa navizia kazi nyepesi.” Na ni kweli angeambiwa hivyo. Subilaga akamfunga binti yule kitambaa kikavu mkononi cha kumkinga na joto, kama alivyomfunga siku yake ya kwanza.

Sifa za Kiti zikaenda mbali. Siku ya pili ya moto, wiki ya Anyosisye, walikuja wageni watano, wenye viwanda, mashamba, hospitali na shule, kujifunza jinsi mtu anavyopunguza toroli bila kumfukuza mfanyakazi. Ambakisye akawakaribisha ofisini, akawapa chai na ndizi za kuchemsha, akawafungulia daftari.

Asubuhi ile Subilaga alikuwa amepita nyuma ya tanuru. Aliona udongo wa juu umekauka na kubanduka, na ndani ya ufa aliona wekundu wa moto, jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa miaka yake yote. Ukuta ulikuwa umetoa tumbo nje. Aliweka chini alichokibeba. Alikwenda moja kwa moja ofisini, akapanda ngazi tatu za saruji, akainua mkono agonge mlango.

Mlango ulikuwa wazi kidogo, akasikia sauti ya Ambakisye. “Kuna mama mmoja hapa,” alikuwa akiwasimulia wageni, “alikuja kwangu na hadithi ya ufa. Nikamkalisha. Zamu iliyofuata, ufa ukapona wenyewe.”

Wageni wakacheka, mmoja wao akaandika.

Subilaga alisimama pale, mkono juu. Alisimama kwa muda ambao mtu angehesabu mpaka ishirini. Nimeufikiria muda ule mara nyingi, na kila nikiufikiria hasira inanipanda upya, kwa sababu ulikuwa unatosha. Ulitosha mtu kuingia na kusema maneno matatu, watu wakaitwa, wakatoka upande wa mto. Ila maneno yale matatu alishayasema, na alishajua yanapokelewaje. Mkono ukashuka. Akageuka, akashuka ngazi, akaanza kukimbia kuelekea tanuru ili amtoe binti yake yeye mwenyewe.

Alikuwa amefika kwenye rundo la pumba ukuta ulipoanguka.

Ulianguka kwa nje, kama Subilaga alivyojua utaanguka. Anyosisye alirukia kando. Atuganile alikuwa ameinama achote pumba, akainua mkono wa kulia kujikinga uso. Uso ulipona. Mkono ule, uliokuwa mwepesi kuliko mikono yote ya kufyatua tofali, uliungua kutoka bega hadi vidole, na hata leo haufungi ngumi. Subilaga ndiye aliyemvuta kutoka kwenye kifusi kwa mikono yake mitupu, na makovu yake yapo.

Alasiri, baada ya Atuganile kupelekwa hospitali, Ambakisye aliwakusanya watu wote uwanjani. Wageni walikuwa wamesimama nyuma yake. Alikuwa analia, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Alinyanyua bonge la ukuta lililoanguka, akaligeuza, akaona matabaka ya udongo, moja juu ya jingine, yenye alama za viganja vya watu mbalimbali. Akayatazama muda mrefu. Hatimaye akauliza ni nani aliyejua. Akauliza tena kwa nini katika watu wote hawa hakupatikana hata mmoja wa kumwambia.

Subilaga akatoka katikati ya watu, mikono yake imefungwa vitambaa. Hakumwendea Ambakisye. Alikwenda kwenye kile kigoda cha matofali yaliyopasuka, akakaa, akainyoosha shingo kama siku ile.

“Nilikuambia, Mzee,” alisema. “Ukanijibu hapa.”

Ningependa kuwaambia kwamba Ambakisye alikivunja kile kiti kwa mikono yake. Wahubiri wengine wangewaambia hivyo, mkaenda nyumbani mmefarijika. Hakukivunja. Alikaa siku tatu ndani kwake bila kula, siku ya nne akafungua daftari lake, na daftari likamwambia lilichomwambia siku zote, kwamba mtu fulani amelegea. Jumatatu iliyofuata alimkalisha Anyosisye, kwa kuwa wiki ilikuwa yake na moto ulikuwa wake. Ukuta ukajengwa upya, mnene, bila ufa. Moto wa kwanza katika ukuta mpya ulitoa mabovu toroli moja tu. Ungetoa nini kingine, baada ya wiki ambayo ukuta ulianguka? Ambakisye akawageukia watu wake, macho bado mekundu kwa huzuni, akasema, “Mmeona?”

Na wale wageni watano walirudi makwao. Wawili walisahau. Watatu walijenga kiti, kila mmoja kwa vitu vya kazi yake. Mmoja anacho hospitalini, kinaitwa kikao cha tathmini. Mwingine anacho shuleni, ni karatasi iliyobandikwa ukutani yenye majina ya walimu. Wa tatu hata hakuhitaji matofali wala karatasi. Kwake kiti ni uso wake tu, jinsi unavyokunjamana mtu anapoanza kusema, “Samahani bosi, kuna jambo.”

Atuganile anauza maandazi sasa, kwa mkono wa kushoto. Mama yake mdogo aliacha kazi siku ile ile ya kuanguka ukuta na hakuaga mtu. Matofali ya Ambakisye yamejengea nyumba nyingi, na huenda baadhi yenu mnalala ndani yake.

Basi Jumatatu, utakapowauliza watu wako kama kuna tatizo, na wote wakakujibu kwamba hakuna, utakuwa umesikia habari za tanuru, au habari za kiti chako?